Kitanda Kilichotandikwa

Mguu wa binti ulikuwa juu ya kigoda, umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi gotini. Mapajani alikuwa na kompyuta ambayo haikuwa yake bali ya hospitali. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mama yake alikuwa amekwisha kufagia, kudeki na kusali, na sasa alikaa kwenye kiti cha pembeni akichambua mchele kwenye ungo, jicho moja kwenye mchele na jingine kwa mwanawe.

Miaka ishirini na sita mama huyo alikuwa mfagizi katika hospitali hiyohiyo, na huko mpaka leo wanamwita Mama Dekio. Mwaka mmoja na nusu baada ya yeye kustaafu, binti naye aliingia, yeye kama fundi wa kompyuta. Mkataba wake ulikuwa wa miezi sita, na ulikuwa unakwisha kesho. Mkuu wa kitengo chake, mtu ambaye nyumbani pale walimwita Bwana Presha kwa jinsi alivyozipandisha za wenzake, alikuwa amesema wazi: kazi ya Alhamisi ikienda vizuri, mkataba mpya upo. Isipokwenda, kuna kampuni iko mlangoni na barua yake mkononi, na fundi mwenye mguu mmoja akae nyumbani apone vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha mashine. Mama Dekio alipoisikia mara ya kwanza aliuliza ni gari gani litakalobeba, na binti akacheka hadi plasta ikamuuma. Halafu akamweleza. Katika jengo la zamani kulikuwa na seva, sanduku la chuma lenye kelele, na ndani ya seva hiyo ilikaa kompyuta nyingine isiyoshikika kwa mkono. Hiyo ya ndani ndiyo iliyoendesha mapokezi, maabara na dirisha la dawa. Ni kama mpangaji ndani ya nyumba, alisema binti. Sasa paa la nyumba linavuja, maji yameingia kwenye nyaya, na leo saa tisa alasiri mafundi umeme wanakata, atake asitake mtu. Kabla ya hapo mpangaji awe amekwisha kuhamia kwenye seva mpya, jengo jipya.

"Si umtoe tu, umpumzishe, umwingize kule?" mama alikuwa ameuliza.

Haiwezekani. Mara ya mwisho mpangaji huyo alipozimwa alikataa kuamka nusu siku nzima, wagonjwa wakaandikwa kwenye makaratasi na majibu ya maabara ya watu wawili yakapishana. Mganga mkuu akasema mchana haizimwi tena. Kwa hiyo mpangaji ahame huku anapika na kupokea wageni, na wageni wasijue kwamba nyumba imebadilika.

Mafaili yote yalikuwa yamekwisha kuvushwa wiki hiyo. Iliyobaki ilikuwa memori, yaani yale ambayo mashine inayashika kichwani wakati inafanya kazi. Mpangaji alikuwa na gigabaiti sitini na nne za memori, na nyingi hazitumii. Lakini mwenye nyumba, yaani seva, haingii vyumbani, hajui kipi kina kitu na kipi hakina, na akiambiwa ahamishe anabeba vyote, pamoja na hewa iliyomo. Jana walijaribu hivyo. Waya kati ya majengo mawili ni mwembamba, kazi ikachukua muda wa saa mbili na nusu, na bado kila walipokaribia mwisho mashine ilikuwa imekwisha kubadilisha mambo mengine ya kubeba upya. Wakaikatisha.

*

Kwa hiyo leo binti alikuja na puto. Puto ni programu ndogo inayokaa kwa mpangaji na kujijaza ndani ya memori isiyotumika. Kila mahali inapofika, mwenye nyumba anajulishwa kwamba hapa hapana kitu, usihangaike napo. Binti alikuwa ameamka mapema, saa moja na nusu akaangalia mashine inatumia kiasi gani, akakuta gigabaiti kumi na nne tu. Akafanya hesabu yake, akaongeza nne za tahadhari, arobaini na sita zilizobaki akaliachia puto.

Sababu nyingine ilikuwa picha. Kabla ya kumhamisha mpangaji, fundi mwangalifu humpiga picha nzima alivyo, memori na vyote, ili mambo yakiharibika amrudishe kama alivyokuwa. Diski ya kuwekea picha hiyo ilikuwa imebakiwa na nafasi ya arobaini. Sitini na nne haziingii kwenye arobaini hata uzikunje vipi. Bwana Presha alikwisha kumwambia aachane na picha, ni urembo. Binti hakutaka kuhama bila picha.

Saa nne na robo, picha ikiwa katikati, uso wa binti ulibadilika. Mama Dekio aliuona kabla ya kusikia chochote. Vidole vilisimama juu ya vitufe, halafu vikaanza kukimbia.

Simu ililia. Binti aliiweka kwenye spika kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini, na sauti ya Bwana Presha ikajaa chumbani, na nyuma yake sauti za watu, watoto wakilia, mtu akiuliza kwa ukali foleni hii inakwenda lini. Madirisha yote matano ya mapokezi yalikuwa yameganda. Dirisha la dawa lilikuwa limezimika kabisa. Mashine ilikuwa imekosa pumzi, memori iliyoachiwa haikutosha, na ilipokosa pumzi ilianza kuua programu zake yenyewe, ikianza na ile kubwa kuliko zote.

"Dada, nilikupa kazi ya kuhamisha, si ya kunyonga," alisema Bwana Presha. Hakupunguza sauti ingawa alikuwa amesimama katikati ya wagonjwa. "Nipo hapa mapokezi nakodolewa macho kama mwizi wa kuku. Au ule mguu umepanda kichwani?"

Mtu alicheka kule nyuma. Mama Dekio aliyajua mapokezi yale, alijua jinsi sauti inavyogonga vigae na kurudi, na alijua kwamba kila karani pale amesikia. Binti alijibu kwa upole kwamba ampe dakika tano, anaachia. Akapunguza puto, akaikatisha picha, akaliamsha upya dirisha la dawa. Ilichukua dakika kumi na moja. Waliokuwa wameandikwa nusu walirudishwa nyuma kuanza upya, na Bwana Presha hakukata simu, aliiacha wazi ili binti ayasikie matusi ya watu mwanzo hadi mwisho.

Simu ikakatwa. Binti aliitazama plasta yake, mahali ambapo mtoto wa jirani alikuwa amechora samaki kwa kalamu ya bluu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hakuelewa, asubuhi vyumba vilikuwa vitupu, aliviona kwa macho yake.

Mama Dekio aliweka ungo chini.

"Uliviona vitupu saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Alhamisi?"

"Leo, mama. Leo Alhamisi."

"Sasa mwanangu, saa moja na nusu pale nani yupo? Ni mimi na ndoo yangu."

*

Akamweleza, bila haraka, kama mtu anayekunja shuka. Alhamisi ni kliniki ya watoto wachanga. Akina mama wanafika tangu saa mbili, lakini hawaendi dirishani. Wanakaa kwenye mabenchi wanafundishwa na nesi habari za chanjo na maji ya kunywa, na wewe ukipita utasema leo hospitali imelala. Saa nne somo linakwisha. Wanasimama wote kwa mpigo mmoja, mia na zaidi, wanaelekea madirishani. Yeye kwa miaka yote hiyo alikuwa anadeki ukumbi kabla ya saa nne, kwa kuwa baada ya hapo dekio linakanyagwa.

Kuna kitu kingine alikisema, ambacho binti hakuwahi kukisikia. Zamani, wodi ya wanaume, alikuta kitanda namba kumi na moja kimetandikwa vizuri, mto umewekwa sawa, hakuna mtu. Akavua shuka, akapeleka kufuliwa. Kumbe mwenyewe alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya kifua, na meno yake ya bandia alikuwa ameyafunga kwenye pindo la shuka. Meno yalipatikana kwa dobi, yamevunjika. Mama Dekio aliitwa mbele ya wodi nzima kuomba radhi, na mzee yule alimpungia mkono tu huku amefunika mdomo kwa kiganja.

"Tangu siku hiyo sikuvua shuka kabla ya kumwuliza sista. Kitanda kitupu wewe unakiona. Kilichoachwa anakijua sista peke yake."

 Binti akaivuta kompyuta karibu. Mashine ilikuwa inajiandikia kila saa imetumia memori kiasi gani, kumbukumbu hizo zilikuwepo muda wote, na yeye hakuzifungua. Alikuwa na haraka ya kumwonyesha Bwana Presha kwamba mguu si kichwa. Sasa akafungua Alhamisi nne zilizopita. Saa moja na nusu, kumi na nne. Saa nne, mstari unapanda kama mtu anayekimbia ngazi, ishirini na tano, ishirini na sita. Saa saba unashuka hadi kumi na tisa. Saa nane unapanda tena.

"Saa nane kuna nini?"

"Saa nane madaktari wanasaini watu watoke. Wote wanakwenda kuchukua dawa. Ila nimeondoka miaka miwili, huenda wamebadilisha. Ngoja nimpigie Redio."

Redio alikuwa shoga yake, bado mfagizi kule, na jina hilo alilipata kwa kazi ya mdomo. Alipokea simu kwa kucheka. Akasema leo umekufa mtambo hapa, bosi wenu jasho linamtoka hadi kwenye soksi, na akaendelea hivyo mpaka Mama Dekio akamkatiza kwa kumuuliza juu ya saa nane. Hawakubadilisha, alisema Redio, ni saa nane ileile. Na makarani wanakwenda kula saa saba kwa zamu, wawili wanabaki. Na leo kuna nyongeza: basi la wanafunzi wa chuo wanakuja kupimwa afya, lakini hao wameandikiwa saa nane na nusu.

Binti aliandika yote kwenye karatasi. Puto lisizidi thelathini na nne, ili mpangaji abakiwe na thelathini kamili. Thelathini zinaingia kwenye diski ya arobaini, kwa hiyo picha ipo. Saa saba picha, saa saba na robo safari. Kwa unene wa waya ule, dakika arobaini hivi.

*

Saa saba kasorobo Bwana Presha alipiga tena. Sauti ilikuwa imeshuka, kwa kuwa mganga mkuu alikuwa amempitia, na mtu aliyepitiwa na mganga mkuu huongea kama aliyemeza kidonge kikavu. Alitaka kujua wanafanya nini. Binti akamweleza. Bwana Presha akasema thelathini na nne ni kidogo, saa hizo matumizi ni kumi na tisa, aminye hadi arobaini safari iwe fupi, muda hautoshi, na picha aiache.

Mama Dekio alimwona mwanawe akiitazama karatasi yake.

"Thelathini na nne, bosi. Haizidi hata moja. Na picha napiga."

"Ikishindikana ni wewe."

"Ndiyo. Ni mimi."

Bwana Presha alikata bila kuaga. Binti alijifuta viganja kwenye kanga iliyokuwa mapajani. 

Puto lilijazwa taratibu, mbili mbili, kila baada ya mbili binti anasubiri na kutazama. Saa saba na dakika tatu likafika thelathini na nne. Picha ikaanza, ikajaa, ikafunga. Gigabaiti thelathini na ushei, kwenye diski ambayo isingeweza kubeba sitini na nne.  Mama Dekio alikuwa na tasbihi mkononi lakini hakuwa na hakika aombe nini, aliona haya kumsumbua Mungu kwa habari za mashine, akaamua kuomba habari za mkono wa mwanawe usikosee.

Saa saba na dakika kumi na nne, safari ikaanza. Redio aliwekwa kwenye simu ya mama, kazi yake kusimama mapokezi na dekio, asiseme kitu mpaka aone kitu. Kumwambia Redio asiseme kitu ilikuwa kazi kubwa kuliko ya puto.

Asilimia ishirini. Asilimia arobaini. Jirani aliwasha mashine yake ya kuchomea vyuma, taa ikapepesa, wote wawili wakaangalia juu. Kompyuta ilikuwa na betri yake. Taa ikatulia.

Asilimia sitini na nane, Redio akafungua mdomo.

"Mama Dekio, basi limefika."

"Basi gani?"

"La wanafunzi. Wamewahi. Wanashuka, wamejaa mlango mzima, na wale wawili waliobaki wamewafungulia. Na wale wa kula wameitwa warudi na sahani zao."

Binti alisikia. Kwenye kioo namba ilikuwa kumi na tisa, ikawa ishirini na moja. Asilimia sabini na tano. Ishirini na nne. Kila mwanafunzi aliyekuwa dirishani alikuwa anakula memori kidogo, na kila alichokigusa mpangaji kilibidi kibebwe upya, kwa hiyo safari ilianza kwenda mwendo wa kobe. Ishirini na sita. Kama puto lingekuwa arobaini kama alivyotaka Bwana Presha, mashine ingekuwa imekwisha kukosa pumzi, na safari ikiwa njiani, mpangaji hayuko huku wala kule.

Ishirini na saba. Binti aliweka kidole juu ya kitufe cha kukatisha. Akikatisha, saa tisa inakuja na umeme unakatwa na mpangaji yumo ndani.

"Mama, wakikaa hivi wataongezeka mpaka lini?"

Mama Dekio hakuwa na jibu la mashine. Alikuwa na jibu la ukumbi. Alimwuliza Redio madirisha mangapi yamefunguliwa. Matano yote. Basi, alisema mama, matano ndiyo yote, hakuna la sita, na karani mmoja haandiki watu wawili kwa wakati mmoja. Watu watajaa nje mpaka barabarani lakini dirishani ni watano tu. Saa nne asubuhi walikuwa watano hawahawa.

Binti alitazama mstari wa Alhamisi zilizopita. Saa nne, madirisha matano, ishirini na sita. Leo ishirini na saba, na nafasi ni thelathini. Akaondoa kidole.

Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Asilimia tisini. Tisini na tatu. Mama Dekio alikuwa anahesabu punje za tasbihi bila maneno. Tisini na saba. Halafu mashine ikasimama, kwa muda ambao mtu angepepesa jicho, na kwenye kioo pakaandikwa jina la seva mpya.

Saa saba na dakika hamsini na nane.

"Redio," aliita Mama Dekio. "Umeona nini?"

"Wapi?"

"Hapo dirishani. Sasa hivi."

"Sijaona kitu. Karani anakula wali huku anaandika. Kijana mmoja anabishana juu ya uzito wake. Mnaanza saa ngapi na huo mtambo wenu? Miguu inaniuma."

Binti alianza kucheka, akashindwa kuacha, machozi yakamtoka na mama yake akamshika bega hadi lilipotulia.

*

Bwana Presha alipiga saa tisa na dakika kumi. Jengo la zamani lilikuwa giza, na mafundi umeme walikuwa wanang'oa nyaya zilizooza. Alisema mganga mkuu ameuliza mbona hajaona mashine ikihama, na yeye amemjibu kwamba ndivyo inavyofanywa na wataalamu. Hakusema ni wataalamu gani. Akakohoa. Halafu akasema basi lile nusura liwatie aibu, na kwamba arobaini ingekuwa... hakumalizia. Akasema kesho dereva ataleta karatasi za mkataba nyumbani, ni wa miaka miwili, asaini kila ukurasa, na kama kuna kosa la jina lake asilifute kwa kalamu bali apige simu.

Binti alishukuru, akaiweka simu chini kwa uangalifu kama yai.

Mama Dekio aliingia chumbani kwake kushukuru. Alianza kumweleza Mungu habari za puto na gigabaiti thelathini na nne, akafika katikati akapotea, akakumbuka kwamba Yeye alikuwepo, akasema asante tu na kuinuka. Goti lilimlia, na leo hakulilaumu.

Aliporudi sebuleni, binti alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa upande, mdomo wazi kama alivyokuwa akilala utotoni. Mguu wa plasta ulikuwa umeteleza ukingoni mwa kigoda. Mama aliurudisha, akaweka mto chini ya kisigino. Kompyuta bado ilikuwa mapajani, kioo kimezimika, haina taa, haina sauti. Ilikuwa inaelekea kuanguka. Mama Dekio alinyoosha mikono aichukue, ikaishia hewani.

Akaligusa bega la mwanawe kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, hii imekwisha, au bado ina mtu?"

Binti alifumbua jicho moja.

"Imekwisha, mama. Chukua."

Ndipo akaichukua.